Nyimbo Nane za Madam Kotone

Bombambili, Songea
Jumanne, 6 Januari 2026

Mpendwa Fausta,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza hivyo kwa sababu uliniambia bahasha zenu huko utawani zinafunguliwa kabla hamjapewa. Kwa hiyo, kama ni Sista Theodosia anayesoma sasa hivi, shikamoo Sista. Mimi ni Noela Mapunda, nilimaliza kidato cha nne pamoja na Fausta mwezi wa kumi na moja. Sina simu wala mambo mabaya ya kumfundisha.

Sasa, Fausta. Wiki iliyopita karani wa shule alimpigia mama, akasema kuna kifurushi changu kutoka Japani. Mama alikwenda kukichukua mwenyewe, maana alidhani ni utapeli. Tulikifungua mezani, mama kashika kisu cha jikoni kana kwamba kuna kitu kitamrukia. Ndani mlikuwa na CD moja tu. Ni ya Madam Kotone, yule mwalimu wetu wa kujitolea wa hisabati. Ametoa albamu yake ya kwanza.

Unakumbuka alivyotuambia kwamba akirudi kwao atakuwa mwimbaji wa teknopop, ule muziki unaopigwa na kompyuta, nasi tukacheka kwa sababu alikuwa anavaa kitenge na kandambili na kuogopa kuku? Basi amekuwa. Kwenye jalada nywele zimekatwa kama bakuli lililofunikwa, amevaa koti linalong'aa kama bati jipya, wala hacheki. Ndani ya jalada kulikuwa na kikaratasi: "Kwa Noela. Soma majina kwanza, halafu sikiliza."

Nimesoma majina. Ndiyo sababu nakuandikia.

Nyuma ya jalada pameandikwa kwa michoro yao, lakini chini ya kila mchoro kuna herufi zetu. Nyimbo ni nane. Nayanakili majina yake kwa mpangilio wake:

Mimi. Nani. Saba. Kiri. Kesho. Uma. Hai. Ishi.

Hicho siyo Kijapani, Fausta. Hicho ni Kiswahili, na anasema na mtu. Mimi namtafuta nani kati ya saba? Kiri kesho. "Uma" sijaielewa vizuri lakini inanitisha. Halafu "hai" na "ishi", kama anayesema ukikiri utapona.

Sisi tulikuwa saba. Tulichaguliwa saba kusafisha nyumba yake Septemba kabla hajasafiri, na jioni ile kinasa sauti chake kikawa hakipo mezani. Mkuu wa Shule akatupanga mstari. Maswali yakaulizwa. Jina la Agape likatajwa. Unajua yaliyofuata: Agape Sanga akatolewa bwenini wiki sita kabla ya mtihani, akawa anatembea kutoka kwao asubuhi, na wasichana wakimwimbia "rekodi, rekodi" akipita.

Nawe hujui yaliyotokea baada ya wewe kwenda utawani. Kwenye cheti chake cha kumaliza shule, mahali pa uaminifu, pameandikwa "hauridhishi". Kuna chuo cha malezi ya watoto kiko tayari kumpokea, ila kinataka barua ya tabia njema kutoka kwa Mkuu kabla mwezi huu haujaisha. Mkuu amekataa. Mama yake Agape alimsimulia mama yangu kwenye foleni ya mashine ya kusaga, huku machozi yanamtoka mbele za watu.

Sikushuku wewe. Nashuku wote saba. Nikijitoa mimi, na nikimtoa Agape kwa kuwa alikana, wanabaki watano, na wewe ni mmoja wa hao watano. Ni hesabu tu, usikasirike.

Sijaisikiliza. Deki yetu ilikufa zamani. Niambie unaonaje.

Rafiki yako,
Noela


Maposeni
Jumamosi, 10 Januari 2026

We Noela,

Milele, amina. Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa, na Sista Theodosia alinikabidhi bila kuniangalia usoni. Asante sana kwa kumwamkia. Tangu hapo nikikohoa tu nahisi anaandika mahali.

Kuanzia sasa usitume tena kwa njia ya posta ya parokia. Mpe Mama Kunegunda, shangazi yangu anayeleta majani ya maboga huko kwenu Bombambili Jumanne na Ijumaa. Yeye hajui kusoma wala hapendi umbea, na watu wa namna hiyo wamebaki wachache.

Sasa kuhusu hiyo CD. Mwenzangu, umekaa nyumbani bila kazi mpaka unaandikiwa barua na kasha la CD. Mtu aimbe nyimbo nane Japani ili kumtafuta mwizi Songea? Si angempigia tu Mkuu simu? Wewe tangu shuleni ulikuwa hivyo, mtu akipiga chafya unajiuliza umemkosea nini. Itupe. Au mpe mtu afukuzie ndege shambani, zinang'aa vizuri.

Sisi hapa tunapalilia mahindi mpaka mgongo unasahau kunyooka. Mimi ndiye naongoza nyimbo za asubuhi. Tarehe mbili Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tunapokelewa kuingia hatua ya pili. Tuko tisa. Mama ameshashona kitenge cha siku hiyo. Kwa hiyo unielewe nikisema huu si wakati wa kufukua mambo.

Na aliyekichukua, labda hata hakuwa mwizi. Labda alitaka kusikiliza tu akirudishe, kile kitaa chake chekundu kikagoma kuzimika, akaogopa. Watu huogopa, Noela.

Jambo moja limeniuma. Umeandika "jina la Agape likatajwa", kana kwamba jina lilijitaja lenyewe. Nilikuwa nimesimama kushoto kwako. Nilisikia ni sauti ya nani. Ilikuwa ndogo, lakini nilisikia.

Sali kwa ajili yangu.
Fausta


Kwa njia ya barua pepe, kutoka Muhsini Stesheneri, Bombambili
Jumanne, 13 Januari 2026

Mpendwa Madam Kotone,

Shikamoo. Mimi ni Noela Mapunda, yule wa dawati la nyuma karibu na dirisha. Asante kwa CD. Hongera kwa albamu ya kwanza. Mama pia anakupongeza ingawa anauliza kama hizo nywele zitarudi.

Madam, nimesoma majina kama ulivyoniambia. Nimeyasoma mara nyingi. Naomba uniambie wazi, kwa sababu mimi si hodari wa mafumbo: kati ya wale saba, unamjua? Na kwa nini umenitumia mimi? Kama unafikiri ni mimi, naapa sikukigusa. Kama unafikiri ni Agape, naomba ujue kwamba yeye ameshaadhibiwa, na bado anaadhibiwa.

Nimefurahi kwamba umefanikiwa. Ninakuogopa kidogo.

Mwanafunzi wako,
Noela


Bombambili
Alhamisi, 15 Januari 2026

Fausta,

Nampa hii Mama Kunegunda mkononi kesho.

Nimeisikiliza. Nilikwenda kwa Muhsini, yule Myao wa Nakapanya mwenye stesheneri, kwa sababu kompyuta yake ni ya zamani na bado ina mlango wa CD. Nilitaka anipe spika za masikioni lakini zilikuwa zimekatika upande mmoja, akasema, "Tufungulie wote, dada, muziki hauna siri." Kulikuwa na watu wanne wanatoa kopi za vyeti.

Sijui nikuelezeje. Kwanza ni ngoma inayopigwa na mashine, tu-tu-tu, sawasawa kabisa, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kwenda sawasawa vile. Halafu sauti ya Madam inakuja kama inatoka ndani ya bomba. Muhsini akasema, "Astaghfirullahi, huyu anaimba au anachajiwa?" Watu wakacheka. Mama mmoja akasema apunguze, vyeti vyake vitatoka vibaya.

Kisha Muhsini akainamisha kichwa. "Mbona mashine inahesabu Kiswahili?"

Ni mimi, Fausta. Katika wimbo wa kwanza ni sauti yangu. Nahesabu moja, mbili, tatu, mpaka saba, kisha inakatwa narudi moja. Sifiki nane hata mara moja. Nilishika meza. Hakuna aliyenitambua, kwa kuwa hapa mtaani hakuna anayeijua sauti yangu.

Hili nilikuficha. Mwezi wa nane Madam aliniita ofisini peke yangu, akaniomba nihesabu mbele ya kinasa sauti. Nilihesabu nikiwa nimefumba macho. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye mwimbaji, wewe ndiye uliyeongoza kwaya, nikaona nitaonekana nakuigiza.

Na jingine. Ndiyo, ni mimi niliyemtaja Agape. Mkuu aliuliza nani alibaki na ufunguo, nikasema Agape, kwa sababu ni kweli alibaki nao. Kisha nikanyamaza. Ningeweza kusema kwamba kabla hajafunga tuliingia wote na kutoka wote. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Mkuu akageuka, nikaona imekwisha, nikashukuru kwamba sitasemeshwa tena. Hicho ndicho nilichofanya, na wewe unakijua tangu siku ile, na umekitumia sasa unapotaka nikae kimya. Nami nimeliona hilo.

Sasa swali langu. Kinasa sauti tulikiona wote mezani, kimezimwa, cheusi. Kitaa chekundu kinawaka mtu anaporekodi tu. Mimi nilikiona kwa kuwa nilikaa mbele yake. Wewe umejuaje kwamba kiligoma kuzimika?

Noela


Maposeni
Jumatatu, 19 Januari 2026

Noela,

Nimeisoma barua yako nikiwa ghalani kati ya magunia, nikakaa mpaka nikaitwa.

Ni mimi.

Sitakuzungusha. Uliporudi kutoka ofisini kwake ile Agosti ulikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi, ukaniambia alikuwa anasahihisha daftari lako. Nilikuwa nimepita dirishani. Niliona midomo yako ikihesabu. Mimi nimeimba mbele ya Askofu, Noela. Kwaya yetu Madam aliirekodi mara moja tu, tukiwa arobaini, halafu akakuita wewe peke yako, wewe ambaye kwenye misa unafumbua mdomo tu.

Siku ya usafi nilikichukua ili nisikie alichokisikia kwako. Nilikusudia kukirudisha kabla ya chakula. Nikaenda nacho kwenye banda la kuni nyuma ya jiko, nikabonyeza, kikawaka chekundu, nikabonyeza tena, hakizimi. Kumbe kilikuwa kinanirekodi mimi nikihema. Nikakiviringisha kwenye soksi, nikakisukuma chini ya magogo. Niliposikia filimbi ya mstari nikasema nitangoja mpaka waulize kwa upole. Hawakuuliza kwa upole. Kisha ukamtaja Agape, nami nikasikia raha, Mungu anisamehe, raha kabisa, kama mtu aliyetua ndoo.

Kinasa sauti ninacho hapa. Kimo kwenye kabati langu, ndani ya soksi ile ile. Betri ilikufa.

Ningependa kukuambia kwamba sauti yako ni nzuri kuliko yangu, lakini sikuwahi kuisikia. Sikufika huko.

Nakuomba kitu kimoja. Ngoja ipite tarehe mbili. Nikishapokelewa, nitaungama kwa Padre, kisha tutatafuta njia ya kumsaidia Agape taratibu. Nikisema sasa watanirudisha nyumbani kwa aibu. Baba aliuza ng'ombe wa posa ya kaka ili anitayarishie vitu vya huku. Unamjua baba.

Barua hii ichome.

F.


Barua pepe iliyochapwa kwa Muhsini Stesheneri
Kutoka kwa Kotone, 21 Januari 2026

Noela mpendwa,

Marahaba! Nimefurahi sana, na nimeshangaa sana. Nimesoma barua yako na kamusi, halafu bila kamusi, halafu nikampigia simu rafiki yangu aliyekaa Mbinga. Nilidhani utacheka. Sikujua utaogopa.

Majina ya nyimbo ni Kijapani. Lakini nilichagua maneno ambayo ni Kiswahili pia. Nilipokuwa Songea nilikuwa naandika maneno haya kwenye daftari: maneno ya nyumba mbili. Mimi ni sikio. Nani ni "nini". Saba ni samaki wa baharini, kama kibua. Kiri ni ukungu, kama ule wa asubuhi kwenye mlima wa Matogoro. Kesho ni kujipodoa. Uma ni farasi. Hai ni "ndiyo". Ishi ni jiwe. Hakuna zaidi. Ni sikio, nini, samaki, ukungu, poda, farasi, ndiyo, jiwe. Na katika wimbo wa kwanza sauti yako inaishia saba kwa sababu wimbo una mapigo saba.

Wimbo wa kwanza ni sikio kwa sababu darasani ilikuwa lazima niinamishe sikio langu ili nikusikie, na kila mara jibu lako lilikuwa sahihi.

Sasa nauliza mimi. Saba wepi? Agape ameadhibiwa kwa nini? Mimi nilimwambia Mkuu wa Shule, "Kinasa sauti kimepotea." Kwetu ukisema hivyo, maana yake mimi mwenyewe ni mzembe. Niliona uso wake umebadilika, nikadhani ananihurumia. Rafiki yangu ananiambia sasa kwamba kwenu mgeni akisema kwa adabu "kimepotea", wenyeji wanasikia "mmeniibia". Sikujua! Nimekaa miezi minne sijui!

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam siku moja kabla ya usafi, nikadhani nilikiacha kwenye basi. Nitamwandikia Mkuu leo hii kwamba nilikipoteza mimi kwenye basi. Itamsaidia Agape? Niambie, natuma mara moja.

Sauti yako ilibaki kwa sababu nilikuwa nimeihamishia kwenye kompyuta. Vingine vyote vilipotea: mvua, kengele, kwaya. Nilitaka kwaya, na Fausta akiongoza, iwe wimbo wa tisa. Mwambie naomba radhi kwamba sikuitunza.

Kotone


Bombambili
Jumatatu, 26 Januari 2026

Fausta,

Sijaichoma barua yako. Iko ndani ya kitabu changu cha hisabati, na nitakurudishia mwenyewe.

Nimekunakilia hapo chini maneno ya Madam yote, usiseme nimechagua. Soma kwanza, kisha urudi hapa.

Umeona. Ni samaki na farasi. Hakuna mtu aliyekuambia ukiri, wala mimi. Tulisikia tulichokuwa nacho moyoni. Na wimbo wa tisa ulikuwa wako. Nilifikiri nisikuambie hilo, kisha nikaona hiyo ndiyo tabia yangu yenyewe, kunyamaza na kujiita mpole.

Umeona pia kwamba mlango uko wazi. Madam anaandika kwamba kilibaki kwenye basi, Mkuu anaamini, Agape anapata barua yake, wewe unapokelewa Jumatatu na kitenge cha mama yako, na mimi sifungui mdomo. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nzima. Nilishaandika mpaka jibu: "Ndiyo Madam, tuma." Muhsini akaniuliza, "Nitume?" Nikasema asubiri. Akasema, "Dada, kompyuta haisubiri, inakula umeme." Nikaondoka bila kutuma.

Nilikwenda kwa Agape. Anakaanga chapati mbele ya duka la baba yake. Nilipita mara tatu nikijifanya natafuta mtu. Mara ya nne akaniita mwenyewe.

"Noela Mapunda, ongea au nunua. Unanizibia wateja."

Nikasema kwa pumzi moja kwamba ni mimi niliyemtaja.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilisema ulibaki na ufunguo."

"Nilibaki nao. Hukusema uongo." Akageuza chapati. "Ndiyo maana ilikuwa kazi kukuchukia. Nilijitahidi lakini."

Mteja mmoja akasema, "We binti, chapati mbili, tunachelewa." Agape akamjibu, "Subiri, kaka, huyu anatubu, na si mwepesi." Watu wakanitazama. Fausta, nilitamani ardhi inimeze, lakini nilisimama.

Nikamweleza kuhusu Madam na basi. Nilidhani atafurahi. Akaweka kijiko chini.

"Kinasa sauti kilibaki kwenye basi?"

Nikatazama kikaango.

"Hakikubaki kwenye basi. Unajua kilipo. Uso wako hauwezi kazi hiyo." Kisha akasema, siyo kwa sauti kubwa, "Madam aandike uongo asioujua, na ninyi mnyamaze ukweli mnaoujua. Halafu mimi nishukuru. Baba yangu amekaa mji huu miaka kumi na tisa, na siku ile moja tukawa watu wa kuja. Basi la Dar litamwondolea hilo?"

"Ni nani aliyekichukua?" akaniuliza.

Nikasema siwezi kusema, si jambo langu peke yangu.

"Basi umeniletea nusu. Kalete na nusu ya pili. Mimi natakiwa chuoni na barua Jumamosi."

Akanifungia chapati moja kwenye gazeti, akakataa pesa, na hakuwa amenisamehe. Sijui kama uliwahi kula chapati ya namna hiyo.

Sasa nimeamua. Nimemwandikia Madam asitume. Nimeandika barua kwa Mkuu wa Shule, ukurasa mmoja, kwamba sote saba tuliingia na kutoka pamoja, kwamba nilijua hivyo nikanyamaza, na kwamba Agape hakuchukua kitu. Jina lako halimo. Lakini Mkuu ataniuliza nimejuaje, nawe unanifahamu. Uongo wa kusema siuwezi. Nauweza wa kunyamaza tu, na huo nimeuacha.

Naipeleka Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nne asubuhi. Chini ya jina langu nimeacha nafasi ya mistari mitatu. Sikutishi. Sijui hata kama barua hii itakufikia wewe au itasomwa na mtu mwingine njiani, na nimegundua sijali tena kama zamani.

Bado ni rafiki yako, ila sijui bado ni rafiki wa namna gani.

Noela


Maposeni
Alhamisi, 29 Januari 2026

Noela,

Mama Kunegunda anangoja hapa mlangoni na matenga yake, kwa hiyo naandika haraka.

Juzi niliposoma barua yako nilikuchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilikuwa nimeshapanga kukujibu kwamba sikuandika kamwe ile barua ya tarehe kumi na tisa, kwamba ni wewe umeighushi kwa wivu. Nilitunga maneno yake yote nikiwa shambani, mstari baada ya mstari wa mahindi. Yalikuwa mazuri. Angeaminiwa nani, wewe au mimi? Mimi, kwa sababu nina sauti.

Kisha jana kwenye mazoezi ya nyimbo za Jumatatu nikaanzisha, wenzangu wakaitikia, nikawa nasikia kile kitu kinahema. Unaelewa? Kinanirekodi mimi nikihema kwenye kuni. Nikakatiza katikati ya ubeti. Wote wanane wakanigeukia.

Nilikwenda kabatini, nikampelekea Sista Theodosia kinasa sauti kikiwa bado ndani ya soksi. Akaifungua, akakigeuza geuza, akauliza, "Ni redio?" Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilidhani anajua tayari. Akasema yeye hufungua bahasha kuangalia kama mmefichiwa laini za simu, barua za watoto hana nafasi ya kuzisoma. "Ila barua zako zilipoacha kupita kwangu," akasema, "nikajua unaumwa."

Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: huyo Agape ana umri gani. Nikasema kumi na nane, sawa na mimi. Akaikunja ile soksi taratibu.

Kuhusu Jumatatu hakusema ndiyo wala hapana. Nilisubiri aseme. Alikwenda kumwona Mama Mkuu, akarudi, akanikabidhi kinasa sauti na kuniambia nikipeleke mwenyewe kwa mikono yangu.

Kwa hiyo usiingie ofisini bila mimi. Ningoje pale kwenye geti la shule, upande wa nje. Mwambie Agape naye aje akiweza, na kama hataki kuniona, asije, nitamfuata pale dukani kwao baadaye, mbele ya wateja. Ile nafasi ya mistari mitatu usiijaze. Mwandiko uwe wangu.

Sista amenipa nauli ya kuja Songea. Ya kurudi sikuiuliza, naye hakuitaja.

Fausta